Kuku Yangu, Masaa Manane na Wajuaji wa Kiswahili

Mtoto ana homa na kikohozi. Mama anambeba mgongoni, anashuka bonde na kupanda kilima hadi kituo cha afya, anapanga foleni, na hatimaye anafika dirisha la dawa. Anakabidhiwa chupa pamoja na maelekezo: "Mpe kijiko kimoja cha chai kila saa nane." Anashukuru na kurudi nyumbani. Ilipotimu saa nane mchana mtoto akapewa kijiko chake. Kesho yake, saa nane mchana, akapewa kingine. Mama huyu hakukosa hata siku moja, maana ni mwangalifu. Kumbe aliyetoa dawa alikuwa na maana ya mara tatu kwa kutwa. Mtoto akapata theluthi moja tu ya dawa aliyoandikiwa.

Mpenzi msomaji, hebu tafuta kosa liko wapi. Aliyetoa dawa hakuvunja kanuni hata moja ya sarufi. Mama naye alisikia vizuri na kutii. Laiti lingetumika neno ambalo walimu wa lugha hulikataza, yaani "kila baada ya masaa manane", mtoto angepata dawa yake yote.

Ndiyo sababu mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya makosa ya kila siku katika Kiswahili chetu, na juu ya wale wanaokereka nayo. Kila mahali wapo. Wengine ni walimu, wengine ni makarani wastaafu, wengine ni vijana waliorudi likizo kutoka chuoni. Kwa Kiswahili chepesi tunawaita wajuaji. Hatuwachukii, na mbele kidogo mtaona kwamba yako mambo ambayo tunasimama upande wao.

SAA NA MASAA

Katika Kiswahili sanifu neno saa halina umbo la pekee la wingi. Neno hilo hilo hutaja wakati wa siku, hutaja muda unaopita, na hutaja hata chombo kinachovaliwa mkononi. "Nitakuja saa mbili" na "nimengoja saa mbili" hutofautishwa na kitenzi tu. Watu wa kawaida waliuona upungufu huo wakauziba wenyewe, bila kamati wala kikao. Saa wakaiachia wakati wa siku, na masaa wakayafanya kuwa muda. Saa mbili ni wakati wa chai ya asubuhi. Masaa mawili ni kusimama kwenye foleni. Mgawanyo huo una akili ndani yake.

Mjuaji akisikia masaa humwasha kama upupu. "Hakuna neno masaa!" Kwa kanuni za sanifu anasema kweli, na mtoto wa darasa la saba akiandika masaa katika mtihani wake atakatwa alama. Sanifu inayo njia yake ya kueleza jambo hilo: "kila baada ya muda wa saa nane". Ni maneno mengi zaidi, lakini hayana utata. Kwa dawa za mtoto sisi tunapendelea njia iliyo nyepesi kuliko zote mbili, nayo ni kuzitaja saa zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Mama akitajiwa hivyo hana haja ya kujua msimamo wa mtu yeyote kuhusu masaa.

Kuna mtego mwingine hapo hapo. Simu ya mkononi huonyesha 8:00 na karani huiandika hivyo hivyo kwenye kadi, kumbe maana yake ni saa mbili asubuhi. Mama asiyezoea hesabu ya Kiingereza akiisoma kama ilivyo atafika saa nane mchana na kukuta mlango umefungwa. Sisi Waswahili tunaanza kuhesabu jua linapochomoza, na katika nchi hizi zilizo karibu na ikweta usiku na mchana hukaribia kulingana mwaka mzima, kwa hiyo hesabu yetu inatufaa. Watu wa nyakati za Injili nao walihesabu hivyo. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili akikuta kwamba giza lilitanda tangu saa sita hadi saa tisa huelewa mara moja kwamba ilikuwa mchana, hali msomaji wa Kiingereza huhitaji kuelezwa.

Jirani wa masaa ni madawa. Magazeti yameandika "madawa ya kulevya" kwa miaka mingi, na wajuaji wamepinga kwa miaka hiyo hiyo. Katika hili wajuaji wameungwa mkono na serikali yenyewe, kwani chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2015 kinaitwa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Lakini tuwaulize wajuaji swali moja dogo. Neno rafiki, tunalolitumia kwa "rafiki yangu" na "rafiki zangu", mbona nalo limepachikwa ma- likawa marafiki, na hakuna anayelalamika? Kamusi zenyewe zimelipokea. Lugha haina mlango mmoja wa kuingilia.

SANIFU ILITOKA WAPI

Wako wanaosema sanifu kana kwamba ilishuka pamoja na amri kumi. Historia yake ni fupi na inajulikana. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akajifunza Kiswahili cha huko, yaani Kimvita. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, alijifunzia Unguja, na kazi yake yote ya tafsiri aliifanya katika Kiunguja. Biblia nzima kwa Kiunguja ilipigwa chapa mwaka 1891. Kwa hiyo Wakristo wa Mombasa na Wakristo wa Unguja walisoma Neno moja kwa lahaja mbili, na kila upande uliona cha mwenzake kina kasoro.

Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha shule katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Watu wa Mombasa hawakufurahi. Wao walikuwa na washairi wao na mashairi ya miaka mingi, na sasa waliambiwa usemi wao si wa vitabuni. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya kusimamia uamuzi huo, na mwanzoni wajumbe wake walikuwa Wazungu. Vitabu vya shule vilipitishwa na kamati hiyo, na kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1939. Biblia ya Union Version, ile ambayo wengi wetu tumekua nayo, ilitoka mwaka 1952, nayo ilikusudiwa kuwaunganisha wasomaji wa pande zote mbili. Baadaye kazi ikashikwa na wenyewe: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikairithi kamati, Baraza la Kiswahili la Taifa, yaani BAKITA, likaundwa mwaka 1967, na mwaka 1981 tukapata Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyoeleza Kiswahili kwa Kiswahili.

Tumeyataja haya kwa sababu moja. Makubaliano ni kitu kizuri. Bila hayo mama wa Kabanga asingeweza kusoma barua ya mwanawe aliyeko Tanga, wala mtoto wa Kasulu asingefanya mtihani mmoja na mtoto wa Pemba. Lakini ni makubaliano ya watu, yaliyofanywa katika maisha ya bibi zetu. Mtu wa Mombasa aliyesema tofauti mwaka 1927 hakuwa na kosa, na mwaka 1929 akaambiwa analo.

KUKU YANGU IMETAGA

Kabanga ni mahali pazuri pa kusikiliza Kiswahili kikiishi. Kuna hospitali ya misheni, kuna chuo cha ualimu, kuna shule inayopokea watoto wenye mahitaji maalumu, na watumishi wake wametoka pembe nyingi za nchi. Wenyeji ni Waha, na Kiha ndicho lugha ya jikoni, shambani na msibani. Katika wilaya hiyo hiyo ya Kasulu iko kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo, na kuanzia mwaka 2015 ikapokea Warundi wengi pia. Siku ya soko mama anaweza kuuza maharage kwa Kiha, akapunguza bei kwa Kiswahili, akajibiwa kwa Kirundi, na nyuma yake akasikia mwanamke Mkongo akiita "batoto".

Batoto! Mjuaji huziba masikio. Lakini mama Muha haoni ajabu, kwa kuwa katika lugha yake watu ni abantu na watoto ni abana. Hiyo ba- imeenea katika lugha nyingi za jamii yetu, na jina lenyewe la Kibantu limetokana nayo. Kiswahili ndicho kilichoiacha kikashika wa-. Sisi hatushauri mtoto aandike "batoto" katika insha. Tunasema tu kwamba anayetamka hivyo hajaharibu kitu. Ana Kiswahili cha kwao, alichokivusha ziwa pamoja na mzigo wake.

Sasa tuje kwa kuku. Katika Kiswahili sanifu kiumbe chenye uhai, awe mtu au mnyama, hupatanishwa kama mtu: kuku wangu ametaga, ng'ombe wake amezaa, mbwa yule amepotea. Kiha na Kirundi havifanyi hivyo. Huko mnyama hubaki katika ngeli ya jina lake, na upatanisho hufuata jina. Kwa hiyo mtu aliyelelewa kwa Kiha akisema "kuku yangu imetaga" anafuata kanuni, tena kanuni iliyo imara. Ameazima maneno ya Kiswahili na kuyafunga kwa kamba ya kwao. Mkufunzi anayejua hilo humfundisha mwanafunzi wake kwa dakika chache, maana ana mahali pa kuanzia: "Katika lugha yetu tunasema hivi, katika Kiswahili wanyama huhesabiwa pamoja na watu." Asiyejua hubaki kufoka mwaka mzima.

Tulihudhuria mkutano mmoja wa wazazi katika wilaya hii. Shule hatutaitaja. Palikuwa na suala la mchango wa uji wa watoto. Mama mmoja wa makamo alisimama nyuma, akafunga khanga yake vizuri, akasema, "Ng'ombe yangu imekufa, kwa hiyo mimi..." Hakumaliza. Bwana mmoja aliyekaa mbele aligeuka akamsahihisha kwa sauti: "Ng'ombe wangu amekufa!" Watu wakacheka. Mama akatabasamu kama wafanyavyo watu walioaibishwa, akaketi. Mkutano ukaendelea. Hakuna aliyemuuliza ng'ombe alikufa kwa ugonjwa gani, wala kama alikuwa anakamuliwa, wala mchango wake ungefanywaje. Katika muhtasari hakuandikwa.

Bwana yule alisema kweli kuhusu ng'ombe. Baadaye kidogo tulimsikia akisema "rafiki yangu mwenyekiti" na "marehemu baba yangu", na hapo pia alisema sawasawa. Lakini kama kanuni yake ingekuwa rahisi kama alivyoitangaza, ingempasa aseme "rafiki wangu" na "baba wangu". Kiswahili sanifu kinatutaka tuseme "baba yangu mwema amefika": yangu kwa ngeli ya jina, kisha mwema na amefika kwa ngeli ya watu, vyote ndani ya sentensi moja. Nani angelaumiwa kwa kutatizwa na jambo kama hilo?

Kisha mwenyekiti akasimama. Alisema utoro umepelekea matokeo mabaya, na kwamba wazazi wachangie aidha mahindi au fedha. Bwana wa mbele alitikisa kichwa kukubali.

Sasa, hayo mawili ni makosa ambayo walimu wa Kiswahili hulia nayo kila siku. Kupeleka ni kufikisha kitu mahali. Jambo linalozaa jambo husemwa kuwa limesababisha au limeleta. Na aidha ni neno la kuongeza, maana yake "vilevile" au "pia". Limegeuzwa kuwa la kuchagua kwa sababu sauti yake inafanana na neno la Kiingereza lenye maana hiyo. Aliyewahi kusoma nusu ya Kiingereza ndiye mwenye kosa hilo. Mama wa mashambani hana. Yeye atasema "ama mahindi ama fedha", naye atakuwa amesema Kiswahili safi kuliko mwenyekiti. Lakini hatukumwona mtu aliyegeuka kumsahihisha mwenyekiti.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiangalia usahihishaji unaelekea wapi, katika mikutano, katika vikundi vya kuweka na kukopa, katika foleni. Mara nyingi sana unateremka. Mwenye suti humsahihisha mwenye khanga, kijana wa chuo humsahihisha bibi. Kupanda juu ni nadra.

SHIBOLETHI

Yapo mambo mazito zaidi ya kicheko. Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, chasimulia jinsi watu wa Gileadi walivyovishika vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno Shibolethi. Waefraimu hawakuweza kutamka sh, wakasema Sibolethi, wakauawa papo hapo. Waliokufa wakati huo walikuwa 42,000. Na usiku ule Petro alipoota moto uani, watu walimtambua kuwa Mgalilaya kwa usemi wake.

Wanaoishi karibu na mpaka wanaelewa habari hizi bila mahubiri. Muha na Mrundi husikilizana wakizungumza, na kwa sababu hiyo Muha aliyesafiri mbali anaweza kuulizwa uraia wake kwa ajili ya lafudhi tu. Msichana aliyekwenda mjini kufanya kazi za nyumbani hujifunza haraka kunyamaza mbele ya wageni. Mwenye kucheka lafudhi huenda hana nia mbaya. Anayechekwa ndiye anayejua kicheko kimegusa wapi.

TUNAPOWAUNGA MKONO WAJUAJI

Hata hivyo tusije tukadhaniwa kwamba tunasema kila mtu aongee apendavyo. Kuna makosa yanayobadili maana, na hayo ni wajibu wetu kuyasahihisha, kwetu na kwa watoto wetu.

Lugha nyingi za bara hazitenganishi r na l kama Kiswahili kinavyotenganisha, na hapo ndipo penye mitego. Kalamu huandikia; karamu huliwa. Mahali ni pa kukaa. Mahari hulipwa, na barua ya uchumba ikichanganya hayo mawili wazee wa upande wa pili watapata la kusema. Kura hupigwa siku ya uchaguzi, na tumekwisha kuona tangazo lililobandikwa ukutani likiwahimiza wananchi kujitokeza kupiga kula. Wengi walilisoma kwa furaha.

Sauti dh, th na gh zilitufikia pamoja na maneno ya Kiarabu, na watu wa bara wengi huzigeuza z, s na g. "Zambi" na "selasini" zitasikika kanisani kila Jumapili, wala hakuna anayepotea njia. Lakini ghali ikitamkwa kwa g, na l yake ikageuka r, inakuwa gari. Na kuadhimisha ni kukumbuka siku kwa heshima, hali kuazimisha ni kumpa mtu kitu kwa muda. Siku ya wanawake tunaiadhimisha. Sufuria kubwa ya kikundi tunaiazimisha, nayo ikirudi imetoboka tunajua la kufanya.

Kwa wale walio viongozi wa vikundi tungependa kutaja jozi nyingine moja, maana hutokea katika barua za kuombea fedha. Kuwasilisha ni kufikisha: unawasilisha ripoti, unawasilisha maombi. Kuwakilisha ni kusimama badala ya wengine: mwenyekiti anawakilisha wanachama thelathini. Kikundi kilichoandika kwamba "tunawakilisha ripoti yetu" kinaweza kusamehewa na mwenye busara, lakini mezani kwa mfadhili barua ziko nyingi, na wengine hutafuta sababu ndogo ya kuweka moja pembeni.

Na "mtu yoyote" tusiiache. Mtu ni yeyote, sisi ni sote, ninyi ni nyote. Kitu ni chochote, nyumba ni yoyote. Hili halimdhuru mgonjwa wala halivunji uchumba, lakini mtahini hulitafuta kwa hamu, na mtoto wako anaweza kulijua kwa jioni moja.

NYUMBANI

Kiswahili ndicho kinachotumika kufundishia katika shule za msingi za serikali. Mtoto wa Kabanga anayeongea Kiha nyumbani huanza darasa la kwanza akijifunza kusoma na kujifunza lugha ya kusomea kwa wakati mmoja. Wazazi wengine, kwa hofu, hukataza Kiha kabisa. Sisi hatuoni faida yake. Mtoto haondolewi lugha moja ili nafasi ipatikane ya nyingine, na mtoto asiyeweza kuzungumza na bibi yake amepungukiwa na mtu, si na maneno tu. Atenge nafasi kwa zote mbili: hadithi za jioni kwa Kiha, na kitabu cha shule kisomwe kwa sauti kwa Kiswahili, hata kama mama mwenyewe husoma polepole. Wako akina mama waliojifunza kusoma katika madarasa ya elimu ya watu wazima miaka ya sabini, nao husoma kwa kufuatisha kidole. Kidole hicho kinamtosha mtoto.

Na akikosea? Kumkatiza katikati ya habari yake ndiyo njia ya haraka ya kumfanya asikueleze habari tena, na hasara ya jambo hilo utaiona atakapokuwa na miaka kumi na minne na ana jambo ambalo ungepaswa kulijua. Kumbeza mbele ya wenzake ni vibaya zaidi. Kuna njia ambayo mama wengi huitumia bila kufundishwa na mtu. Mtoto anaingia mbio kutoka nyuma ya nyumba akihema:

"Mama, mama! Kuku yetu imetaga!"

"Kuku wetu ametaga? Yule mweusi au yule wa madoa?"

"Yule wa madoa!"

"Ametaga mangapi?"

"Ametaga mawili. Lingine limevunjika."